Wiki ya Kwanza ya Mbwa Shambani: Mwongozo kwa Walinda Mahindi wa Tabora

Mahindi yakianza kutoa ndevu huku Sikonge, nyani hujua kabla ya mwenye shamba. Kwa aliyepanda mwishoni mwa Novemba, hiyo ni Februari, na punje zikishashika maziwa, kundi moja likikaa shambani asubuhi moja tu unabaki na mabua. Hapo ndipo watu hukumbuka kwamba wana mbwa. Mnyama aliyekuwa analala chini ya kihenge tangu mavuno anafunguliwa, anavutwa kilomita tatu hadi shamba la porini, na siku hiyohiyo anatakiwa amtimue dume la nyani lenye kilo 25 na chonge ndefu kama za chui.

Nami nilianza hivyohivyo. Mbwa wangu wa kwanza wa shamba aliitwa Watasema, jina lililowahusu majirani zaidi kuliko yeye. Siku ya kwanza aliwafuata nyani mpaka ndani ya miombo, mimi nikiwa juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia shamba, namshangilia: "Shika! Shika!" Alirudi baada ya kama saa nzima, anachechemea kwa miguu mitatu, ngozi ya bega la kushoto inaning'inia kama mfuko wa shati ulioshonoka. Alipona, lakini msimu ule hakutoka tena nyumbani, nami nilipiga debe peke yangu mpaka Mei.

Mzee mmoja wa Ipole alipita siku ile kutazama. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba," akaitikia, akachuchumaa, akaligeuza lile bega upande wa jua. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwenda ulimfundisha. Kurudi ulimwachia nani amfundishe?"

Tangu hapo naichukulia kazi ya mbwa wa shamba kuwa ni sauti na pua. Akinusa, akabweka, akakimbia mpaka ukingo wa shamba na kurudi, amemaliza kazi. Meno yake siyahitaji. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya hilo, na kama wewe unataka mbwa wa kushika wanyama, hatutaelewana.

Kabla ya yote, chanjo

Chanjo ya kichaa cha mbwa isingoje wiki ya ulinzi. Mwili wa mbwa unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga, kwa hiyo mtafute bwana mifugo angalau mwezi mmoja kabla. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ukisikia gari la kipaza sauti linatangaza chanjo kijijini, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, usiseme utampeleka mwakani. Mbwa wa shamba la porini hukutana na mbweha na fisi, na ugonjwa huu ukishaonesha dalili, kwa mbwa au kwa mtu, hauna tiba. Tunza ile kadi. Siku mbwa wako atakapomng'ata mtoto wa jirani, kadi hiyo itakuokolea maneno mengi.

Wiki tatu za kumwandaa

Ubaya wa Februari ni kwamba kihenge kinakaribia kwisha. Watu wanakula kwa kupima, na mbwa anapewa yale ya chini kabisa: punje zenye ukungu, unga ulioganda kwa unyevu. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: usimpe. Sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hushambulia ini, na mbwa huathirika nayo upesi. Anaacha kula, anatapika, ufizi na weupe wa macho unageuka njano, na nyumba nzima inaanza kumnong'ona jirani kwamba ametega sumu, kumbe sumu imetoka jikoni kwao. Ugali kidogo wa dona safi ni bora kuliko sufuria nzima ya uozo. Juu yake tia dagaa wa Kigoma, hata zile chenga zinazobaki chini ya gunia ambazo wauzaji huziuza kwa bei ya kutupa. Kama zimetiwa chumvi, ziloweke na umwage maji ya kwanza.

Hali ya mwili ipime kwa viganja. Pitisha mikono ubavuni: mbavu uzihisi chini ya vidole, ila usiweze kuzihesabu ukiwa umesimama mlangoni.

Dawa ya minyoo mpe kwa uzito wake, si kwa kukadiria. Msimu mmoja muuzaji wa duka la dawa za mifugo aliniuzia ivermectin ya ng'ombe na kuniambia nichome "kidogo tu". Mbwa alipepesuka siku mbili, mate yanamtoka, mboni zimepanuka kama za paka gizani. Dawa ile imepimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Mbwa wetu wa kienyeji ana kilo 12 hadi 20, na kosa la matone machache kwake ni kubwa. Siku hizi namtia kwenye gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu, namning'iniza kwenye mizani ya kupimia mahindi, naandika kilo kwenye daftari, ndipo naenda dukani. Watu hucheka. Waache wacheke.

Dawa za kuogeshea kupe ni hadithi hiyohiyo: kipimo cha ng'ombe si cha mbwa. Kupe wachache watoe kwa kibano, ukibana karibu kabisa na ngozi na kuvuta polepole bila kusokota. Usiwamwagie mafuta ya taa. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia.

Kisha mtembeze. Asubuhi ya kwanza nusu saa, baada ya siku kumi saa moja na nusu, sehemu ya njia iwe ya changarawe ili nyayo zikomae. Mbwa aliyelala miezi saba ana nyayo laini kama za mtoto, na nyayo zikipasuka siku ya pili ya ulinzi, msimu umeishia hapo.

Wa kubaki nyumbani ni wadogo chini ya mwaka mmoja, wazee, na jike lenye mimba, linalonyonyesha au lililo kwenye joto. Jike lililo kwenye joto litakuletea shambani mbwa wote wa kata, na ugomvi wao utakuwa juu ya matuta yako ya karanga.

Mluzi wa kurudi

Chukua kamba ya mita kumi, uifunge kwenye mkanda wa shingo. Mwache aende, piga mluzi mmoja mrefu, vuta kamba taratibu mpaka afike miguuni, mpe dagaa mmoja. Rudia mara kumi asubuhi na kumi jioni. Mluzi uwe mmoja tu usiobadilika, na usiupige ukiwa na hasira. Ukimwita ukampiga kwa kosa alilofanya dakika tano zilizopita, yeye anaelewa kwamba amepigwa kwa kurudi, na kesho hatarudi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu mbwa wazuri.

Akisharudi bila kuvutwa akiwa uani, mpeleke penye kuku. Akirudi kutoka kwa kuku, mpeleke penye mbuzi. Mbwa anayeacha kuku kwa mluzi ataacha na nyani, ingawa si siku ya kwanza.

Neno la kumwachia lichague vizuri. "Shika" mbwa wetu wengi wamelizoea kwa wezi na wanajua linataka meno. Mimi nasema "Haya!" tu, na sauti yenyewe siipandishi.

Mfunge njuga mbili shingoni. Ndani ya mahindi yaliyokupita kimo humwoni mbwa, lakini njuga zinakwambia yuko wapi na anafanya nini: mlio wa haraka anakimbia, mlio wa kukatika-katika ananusa. Zikinyamaza ghafla, shuka kwenye dungu ukatazame. Mkanda wenyewe usibane. Vidole viwili vipite chini yake bila taabu.

Shamba lenyewe

Fyeka ukanda wa hatua ishirini kati ya mahindi na pori. Nyani hapendi kuvuka mahali peupe, na mbwa naye anapata mpaka wa kuona kwa macho: hapa ndipo tunapogeuka. Pasipo ukanda huo mahindi yameshikana na miombo, na mbwa anajikuta porini bila kujua ametoka shambani saa ngapi.

Dungu liweke karibu na ukingo wanakotokea, si katikati ya shamba eti kwa kuwa hapo kuna mwembe. Chini yake pawe na kivuli na maji. Mbwa wa kilo 15 akiwa amelala tu hunywa karibu lita moja kwa siku. Akifanya kazi juani huenda hata mara mbili. Mimi hubeba dumu la lita tano na nusu kibuyu cha kunyweshea.

Siku moja kabla ya kumleta, zunguka ukingo wote kwa miguu ukitafuta mitego ya waya. Watu hutega njia za digidigi na nguruwe pori, na waya haubagui shingo. Beba koleo ya kukatia waya mfukoni msimu mzima. Mwaka juzi njuga zilinyamaza nikaona mchezo. Nilipofika mbwa alikuwa amekaa kitako, mtulivu, waya umezama kwenye manyoya ya shingo. Angejitupa ungemmaliza. Nilihitaji koleo, na koleo ilikuwa nyumbani. Niliukung'uta waya kwa jiwe juu ya shina kwa muda ambao sitaki kuukumbuka.

Wapitie majirani pia. "Mwangaluka, kuanzia kesho nina mbwa shambani." Anayetega sumu ya panya au nyama yenye dawa ya fisi atakwambia, au angalau atajua kwamba umemwambia.

Siku ya kwanza

Fika kabla jua halijatoka. Nyani hulala kwenye miti mirefu au majabali na hawana haraka ya kushuka penye umande. Wengi utawaona kati ya saa mbili na saa nne, kisha tena alasiri. Ukifika saa tatu unakuta wamekutangulia, na mbwa anaanza maisha yake ya kazi kwa kukuta kundi zima limeshaketi mezani. Mpe kipande kidogo tu cha ugali asubuhi. Chakula kamili kiwe jioni; mbwa aliyeshiba hulala, naye ana haki.

Saa ya kwanza mzungushe ukingoni akiwa kwenye kamba. Mwache anuse na kukojoa anapotaka. Rusha vumbi kidogo uone upepo, kisha muweke upande ambao upepo unatoka porini kuja kwake. Pua yake itakupa taarifa kabla ya macho yako: kichwa kinapanda, masikio yanasogea mbele, nywele za mgongo zinasimama kutoka shingoni kwenda mkiani. Usimwachie bado. Tazama kwanza kichuguu au mti mkavu. Nyani hupenda kumtanguliza mmoja akae juu na kupeleleza. Wanawatambua watu pia. Akilinda mtoto au mama peke yake, nyani husogea karibu zaidi, jambo ambalo akina mama wa huku wamelilalamikia miaka yote.

Wakivuka ukanda, simama, piga debe, rusha jiwe kwa teo, na mwache abweke akiwa bado kwenye kamba. Siku ya kwanza usimfungue hata kidogo. Najua inauma kumzuia mbwa anayelia kwa hamu na nyani wako hatua thelathini. Lakini anachojifunza hapo ni kwamba sauti yake na debe lako vikiungana, nyani wanaondoka. Wakishageuka, mpe dagaa na umsifu.

Saa tano, rudini. Kazi ya kutwa nzima ianze wiki ya pili. Jua la mchana kati ya mvua mbili, lenye unyevu, linamchosha mbwa kuliko la Septemba. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 anaweza kufa. Ukiona ulimi umelegea na kuwa mwekundu wa kukolea, mate mazito, miguu inapishana, mpeleke kivulini palepale, mlowanishe tumbo, kinena na nyayo, umpepee. Maji ya kunywa mpe kidogo kidogo.

Siku ya pili hadi ya saba

Siku ya pili na ya tatu kama ya kwanza. Siku ya nne mwachie kamba iburute chini, na umfungulie nyani wakiwa tayari wamegeuka kukimbia, wasiwe wanaokuja. Afike ukanda, mluzi. Akirudi, tayari unaye mbwa wa shamba. Asiporudi, usimkimbilie kwa kelele maana atadhani mnawinda pamoja. Piga mluzi tena, kaa kimya, kesho mrudishe kwenye kamba. Wengine wanahitaji wiki mbili. Mmoja niliyekuwa naye hakuweza kabisa na sasa analinda kuku, kwa bidii kubwa.

Mbwa wawili ni wazuri kuliko mmoja. Watano ni wabaya kuliko mmoja, kwa sababu kundi hutiana jeuri na kusahau mluzi. Dume la nyani haligeuki mbele ya mtu, teo na mbwa wawili wanaobweka. Likimpata mbwa mmoja peke yake ndani ya pori, linageuka.

Akiumia

Jeraha la nyani huonekana dogo juu na refu ndani. Mfunge mdomo kwa kitambaa kwanza, hata kama ni rafiki yako. Maumivu hayana urafiki. Osha kwa maji mengi yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, ukimimina mpaka yatoke safi. Usishone mwenyewe, maana usaha utafungiwa ndani. Mpeleke kwa bwana mifugo siku hiyohiyo. Vidonge vyako vya maumivu, yaani parasetamo, ibuprofeni na diklofenaki, usimpe. Kwa mbwa ni sumu.

Swila akimtemea machoni, mimina maji safi kwa dakika kumi na tano. Kifutu akimng'ata, mbebe asitembee, usichanje jeraha wala usifunge kamba ya kubana, nenda kwa bwana mifugo.

Aking'atwa na mbweha au mnyama wa porini anayejileta karibu bila woga, mfunge, mjulishe bwana mifugo hata kama amechanjwa. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali kwa sindano, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Halafu kuna mbung'o, ambao miombo yetu inao kwa wingi. Mbwa akipoteza nguvu siku baada ya siku, ana homa, uso umevimba, na jicho limeingia ukungu wa buluu-nyeupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi, fikiria kwanza ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao. Tiba ipo, lakini dawa inayotumika kwa ng'ombe ni hatari kwa mbwa ikizidi kipimo, kwa hiyo iachie mikono ya mtaalamu. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Kaniki iache nyumbani, na kamba ya mbwa isiwe ya buluu.

Usiku, sheria na tembo

Nguruwe pori huja usiku. Mbwa akae chini ya dungu kwenye kamba, abweke; tochi na debe vifanye mengine. Nguruwe aliyebanwa humpasua mbwa tumbo kwa pembe zake za mdomoni, na gizani huwezi kusaidia chochote.

Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na nyama ya porini isiyo na kibali ni nyara za serikali. Mbwa wako akimuua digidigi, usimbebe. Mjulishe mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori ukiwa mikono mitupu. Wanaolima kupakana na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, au na eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori kama lile la Ipole, wakumbuke kwamba mluzi wa kurudi unawahusu mara mbili: mbwa haruhusiwi ndani ya hifadhi ya taifa, na kusema alimfuata nyani hakutakusaidia.

Tembo wakija, mshike mbwa haraka, mzibe mdomo kwa kiganja kama itabidi. Mbwa akimbwekea tembo, tembo humfukuza, na mbwa akiogopa hukimbilia kwa bwana wake, yaani kwako, tembo akiwa nyuma. Shukeni upande ambao upepo unatoka kwao, mwachieni mahindi, mrudi kijijini. Asubuhi mlete afisa wanyamapori aone nyayo kabla mvua haijazifuta.